Mkesha wa Pasaka: kamera niiseti vipi gizani, na nisimame wapi?

Mwanalenzi_K

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Parokia imenikabidhi kazi ya kupiga picha Misa ya Mkesha wa Pasaka, na baada yake Komunio ya Kwanza ya watoto 64. Misa za mchana nazimudu. Shida yangu ni mkesha: tunaanza nje kwenye moto, tunaingia kanisani gizani, mishumaa inawashwa mmoja mmoja, halafu taa zote zinawaka kwa mpigo.

Vifaa nilivyonavyo: Canon 80D, lenzi ya 18-135mm f/3.5-5.6, lenzi ya 50mm f/1.8 STM, flashi moja ya nje na tripodi. Kadi ninazo mbili za GB 64, lakini kamera ina tundu moja tu la kadi.

Naomba msaada kwenye haya. Flashi nitumie au nisitumie? Paroko amesema tu nisisumbue ibada. Seti zianzie wapi kwenye moto, kwenye mishumaa na taa zikiwaka? Nisimame wapi ili nisizibe watu? Na mwisho, nyuso za waamini zinatoka nyeusi huku kanzu zikitoka nyeupe pe, hata mkunjo hauonekani. Hilo linanitesa hata mchana.

Chetezo

Milele Amina, mkuu.

Flashi iache kwenye begi mpaka Misa iishe, itakufaa kwenye picha za makundi. Ukipiga flashi kwenye uso wa mtu aliyeshika mshumaa, mwanga wake unaufunika ule wa mshumaa, na pichani mshumaa unaonekana kama haujawaka. Ibada nzima ya mwanzo ni mwanga mmoja unaogawanywa gizani. Ukiufuta huo, umepiga picha ya watu wameshika vijiti vya nta. Tripodi nayo iache nyumbani: kanisa likiwa giza, miguu yake mitatu ni mtego kwa wazee na watoto.

Lenzi ya kazi ni 50mm. Namba ya f ni ufunguzi wa lenzi, ikiwa ndogo lenzi iko wazi zaidi. Ile 18-135 ukiivuta mpaka mwisho inafungukia f/5.6, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Itumie nje kabla ya jua kuzama, na tena taa zikishawaka, kwa picha za kanisa zima kwenye upande wa 18mm.

Gawanya mkesha kwenye aina tatu za mwanga, kila aina na mahali pake kwenye kamera. 80D ina C1 na C2 kwenye gurudumu la juu, nafasi za kuhifadhi seti zako, na M, ambapo unaseti kila kitu mwenyewe. Weka moto kwenye M, mishumaa kwenye C1, taa zikiwaka kwenye C2. Kwenye menyu hakikisha kule kujisasisha kwa seti za C kumezimwa, la sivyo ukigusa ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) kidogo inabaki hivyo hivyo na unaporudi unakuta si ulichokiweka. Gurudumu lile lina kitufe cha kufungulia katikati. Jizoeze kuligeuza bila kuangalia.

*Moto.* Usimwachie kamera aamue. Ndimi za moto zikiingia kwenye fremu mita (kipima mwanga cha kamera) inadhani kuna mwanga mwingi na kutia giza kila kitu, zikitoka inafanya kinyume chake. Kwa moto wenyewe anza na f/2.8, shata ya 1/250 ya sekunde, ISO 1600. Kwa nyuso zilizouzunguka, f/2, 1/125, ISO 3200, na ukubali moto uungue kidogo. Simama upande unakotoka upepo. Ukisimama unakokwenda moshi, fokasi itahangaika kwenye moshi na macho yako yatashindwa kabla ya kamera.

Hapo kwenye moto ndipo penye picha ambayo wengi wanaikosa. Padre anachora mshumaa wa Pasaka kwa kijiti chenye ncha: msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe nne za msalaba. Tarakimu ya kwanza inakaa juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Kisha anachomeka chembe tano za ubani, mara nyingi zikiwa ndani ya misumari ya nta: juu, katikati, chini, kushoto, kulia. Kama anatumia mkono wa kulia, ukisimama kulia kwake kiganja kinafunika kila kitu. Nenda kushoto kwake, shusha kamera iwe usawa wa mshumaa, f/2.8, umbali wa mita moja na nusu hivi. Kwa kawaida mtumishi wa altare anammulikia padre kitabu kwa tochi ya simu. Zungumza naye mapema amulike kutoka pembeni, usawa wa bega. Tochi ikitoka chini inachora vivuli vya kutisha usoni, na mwanga wake wa bluu unagombana na rangi ya moto.

*Maandamano.* "Mwanga wa Kristo" inaimbwa mara tatu, na kila mara wanasimama. Piga ya kwanza mlangoni. Usitembee kinyumenyume mbele ya msafara gizani. Pita mlango wa pembeni uwatangulie, na huo mlango uuliziwe kwa sakristani siku moja kabla, maana mara nyingi huwa umefungwa ili upepo usizime mishumaa. Ya pili ndiyo tamu: katikati ya kanisa waamini wanaanza kuwasha mishumaa yao kutoka kwenye ule mmoja. Geuka, mpe mgongo padre kwa sekunde kadhaa, upige mtu anayempa jirani yake moto. Nyuso mbili, miale miwili. C1 yako iwe f/2, 1/100, ISO 6400. Ndiyo, 80D kwenye 6400 ina chembechembe. Picha yenye chembechembe inasafishika, uso uliotikisika hausafishiki. Kibaya kuliko yote ni kubaki ISO 1600 kwa woga, kisha kuinua mwanga kwenye kompyuta. Hapo chembechembe hazipungui, na weusi wa picha unaweza kugeuka zambarau.

Fokasi: nukta ya katikati, piga moja moja. Nukta hiyo ndiyo inayoona vizuri gizani kwenye kamera yako, na inafanya kazi vizuri zaidi ukiwa na lenzi ya f/2.8 au iliyo wazi zaidi. Usiielekeze kwenye mwale, maana mwale hauna ukingo na unacheza. Ilenge kwenye ukingo wa uso unaopokea mwanga, au pale kola ya shati inapokutana na shingo. Kwa 50mm kwenye kihisi cha 80D, ukiwa f/1.8 na mtu yuko mita mbili, kina kilicho ndani ya fokasi ni kama sentimita 11 tu. Mshumaa ukiwa ndani ya fokasi, uso umeshapotea. Ndiyo maana nasema f/2 hadi f/2.8 pale inapowezekana.

*Taa.* Kitabu cha Misa kinasema taa za kanisa ziwashwe baada ya "Mwanga wa Kristo" ya tatu, na mishumaa ya altare iwashwe kwenye "Utukufu". Parokia nyingi lakini huacha giza mpaka "Utukufu" kengele zikilia. Mkao wako wote unategemea jibu la hilo, kwa hiyo muulize anayeongoza liturujia, tena umuulize na nani atakuwa kwenye swichi. Kama ni kwenye "Utukufu", padre akianza tu kuimba geuza C2: f/2.8, 1/160, ISO 3200. Picha si taa, ni watoto na watumishi wanaopiga kengele.

Masomo ndiyo muda wako wa kupumua. Kitabu kina masomo saba ya Agano la Kale. Yanaweza kupunguzwa, ila lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe. Kaa chini kabisa. Picha ya msomaji ichukue kutoka pembeni ili maikrofoni isimzibe mdomo, na bofya pale anapoinua macho mwishoni mwa sentensi.

Ubatizo sitaurefusha. Padre huweza kuuingiza mshumaa wa Pasaka majini mara moja au mara tatu, kwa hiyo ukikosa ya kwanza usipige piga kwa hofu, subiri uone kama anarudia. Maji yakimwagwa kichwani tumia 1/250 kwenda juu, na simama upande usio na mkono wa padre wala msimamizi.

Mizani_ya_Rangi

Naongezea kwenye nyuso na kanzu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za kanisani zinapoharibika, na kosa si la ngozi ya mtu.

Mita ya kamera imefundishwa kitu kimoja: kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile wanachokiita asilimia 18. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga mara nne au tano ya huo kijivu. Ngozi yetu nyeusi inarudisha chini yake. Ukijaza fremu kanzu, kamera inatia giza ili kanzu iwe kijivu, na uso unazama nao. Ukijaza fremu uso, kamera inaongeza mwanga ili uso uwe kijivu, na kanzu inaungua mpaka mikunjo inapotea. Kati ya uso mweusi na kitambaa cheupe chini ya taa ileile unakuta tofauti ya hatua tatu, hata nne (kila hatua ni mwanga mara mbili ya iliyotangulia).

RAW, yaani faili ghafi la kamera, inakuachia nafasi ya kuirekebisha tofauti hiyo baadaye. JPEG inakuachia nafasi ndogo. Kwa hiyo kwanza ni RAW, hilo halina mjadala.

Pili, kaa kwenye M. Washa lile onyo linalopepesa sehemu zilizoungua. Piga picha moja ya majaribio ya padre au mtumishi kabla ya ibada, mahali palepale atakaposimama. Kama kanzu inapepesa, punguza theluthi moja ya hatua, piga tena, mpaka kitambaa kiache kupepesa. Mwale wa mshumaa uache upepese, huo hauna cha kuokoa. Hapo umepata mpaka wa juu. Uso utatoka wenye giza kidogo kwenye skrini, usiogope. Kwenye kompyuta inua vivuli nusu hatua hadi hatua moja, uso unarudi na ngozi yake halisi, yenye kung'aa kwenye paji na shavuni. Kinachoungua hakirudi.

Ukipenda kupima kwa doa usoni (mita ikisoma sehemu ndogo tu ya fremu), kwa ngozi nyeusi sana shusha kati ya theluthi mbili na hatua moja nzima. Usipofanya hivyo unapata uso wa rangi ya majivu, na mwenye uso atajua kwamba huyo si yeye.

Siku ya Komunio ya Kwanza hizo kanzu zinaweza kukusaidia. Kanzu na gauni jeupe la mtoto linarudisha mwanga kwenye kidevu chake kama karatasi. Ukimweka upande wa dirisha, mwanga unaingia pembeni, unagonga kifua cheupe, unapanda usoni. Mwombe katekista foleni ipite upande wenye madirisha, kama njia inaruhusu. Angalia na kuta: kanisa lililopakwa kijani au njano linapaka rangi hiyo kwenye kila gauni. Dawa ni kupiga gauni lenyewe likijaza fremu na kulitumia kuweka mizani ya rangi kwa mkono kwenye kamera, tena ufanye hivyo palepale watakaposimama, si nje kwenye jua.

Kwenye mkesha mizani ya otomatiki itakuchanganya, kila picha na rangi yake. Weka namba. Mwale wa mshumaa uko karibu na Kelvini 1900 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ukiisogeza kamera kuelekea huko, picha inapoteza joto lake. Anzia 3000 hadi 3200 ili dhahabu ibaki lakini ngozi isiwe chungwa. Taa nyeupe zikiwaka hamia 4500 na kuendelea, ukiangalia kitambaa cha altare kama kipimo chako.

Jambo moja zaidi ambalo Chetezo hakuligusa. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo taa nyingi za mirija na LED za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/160 au 1/250 chini yake, picha moja inatoka angavu na ya pili ina giza la manjano, au nusu ya juu ina rangi tofauti na nusu ya chini. 80D ina chaguo la kuzuia hilo kwenye menyu ya kupiga. Liwashe: kamera inasubiri kilele cha mwanga ndipo inabofya. Kama huna chaguo hilo, tumia 1/100 au 1/50.

Kamati_ya_Liturujia

Tumsifu Yesu Kristo.

Mnaongea vizuri kuhusu kamera, nami nijibu ile "usisumbue ibada". Kanisa lilishaandika juu ya hili zamani. Maagizo ya Eucharisticum Mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, namba 23, yanataka adhimisho, hasa Misa, lisivurugwe na upigaji picha. Pale penye sababu ya kupiga, ifanyike kwa busara kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu wa mahali. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza paroko "naruhusiwa?", uliza kama jimbo lina mwongozo. Majimbo mengine wanayo karatasi yake kabisa, na wengine wanataka mpiga picha awe na kitambulisho shingoni.

Nenda kwa paroko na maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Je, naweza kuingia patakatifu? Kama ndiyo, kwa wakati gani na upande gani? Je, nani mwingine atapiga? (Mkiwa wawili gawaneni pande, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, msivukane katikati.) Je, kwenye mageuzo nisimame au nipige?

Hilo la mwisho nina msimamo nalo. Toka pale padre anapokunjua mikono juu ya dhabihu mpaka baada ya kuinuliwa kalisi, piga picha moja ya hostia, moja ya kalisi, kutoka mahali ambapo tayari upo, kisha shusha kamera na upige magoti na wengine. Kengele inalia, kanisa zima limenyamaza, na shata la 80D lisilo kwenye hali ya kimya linasikika mpaka benchi la kumi. Iweke kwenye hali ya kimya Misa nzima. Zima mlio wa fokasi, zima onyesho la picha kwenye skrini baada ya kupiga, maana skrini ile gizani inamulika usoni mwako na kila aliye nyuma yako anaangalia wewe. Kamera yenye taa nyekundu ya kusaidia fokasi, izime hiyo pia.

Usitembee wakati wa Injili, wala wakati wa mageuzo, wala wakati wa kimya cha baada ya Komunio. Tembea wakati wa wimbo, watu wanapoinuka au kukaa. Viatu viwe vya raba. Usipite kati ya altare na waamini. Pita pembeni, na ukivuka mbele ya tabernakulo piga goti kama kila mtu. Nguo iwe ya heshima na ya rangi iliyotulia, nyeusi au bluu iliyokoza.

Waumini wakipokea Komunio usiwapige midomo wazi. Kwa watoto wa Komunio ya Kwanza ni tofauti, wazazi wanazitaka, lakini nazo zina wakati wake. Padre anasema "Mwili wa Kristo", mtoto anainua macho na kujibu "Amina". Bofya hapo. Sekunde inayofuata mdomo unafunguka, na picha hiyo haimpendezi mama yeyote. Mahali ni nyuma ya bega la padre, kwa pembeni, mita mbili na nusu hivi, na kwa sababu ni karibu na altare lazima paroko akupe ruhusa yake kwa kutaja mahali penyewe.

Watoto 64 ni wengi kukumbuka. Chukua kwa katekista orodha yenye namba kwa mpangilio wa foleni na uipige picha iwe ya kwanza kwenye kadi. Mtoto akihama nafasi, katekista akuonyeshe namba kwa vidole, nawe upige vidole hivyo kabla ya mtoto anayefuata. Picha tatu kwa kila mtoto zinatosha.

Kuhusu kuziweka mtandaoni: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na imani ya dini ya mtu nayo inahesabiwa taarifa nyeti. Fomu ya kujiandikisha Komunio iwe na mstari mmoja wa ridhaa, mzazi atie sahihi. Picha ya kundi kwenye ukurasa wa parokia bila majina haina uzito sawa na sura ya mtoto mmoja, jina lake kamili na shule anayosoma. Mtu anayelia kwenye maombi, au anayetoka kwenye kiti cha kitubio, msimpige kabisa.

Usharikani

Bwana Yesu asifiwe. Nachangia upande wetu wa Kilutheri na wa makanisa yenye jukwaa, maana wengi watasoma uzi huu na siyo wote wana mkesha wa namna hiyo.

Wanaonunua kamera zisizo na kioo wanafurahia shata ya kielektroniki kwa sababu haina sauti hata kidogo. Kanisani chini ya LED ndiyo inayowaangusha. Kihisi cha kamera nyingi kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa ikipepesa katikati ya usomaji unapata michirizi ya giza na mwanga imekatiza picha nzima. Mchirizi ukipita usoni mwa mchungaji hakuna programu ya kuuondoa vizuri. Tumia shata ya kawaida, au ile ambayo pazia la kwanza ni la kielektroniki na la pili ni la kawaida. Kama lazima iwe kimya kabisa, shuka 1/100 au 1/50 na upige picha tatu za majaribio za ukuta mweupe kabla watu hawajaingia. Mchirizi unauona mara moja ukutani.

Kwenye ukuta wa LED nyuma ya timu ya sifa, ukipiga kasi kubwa unapata vipande vyeusi kwenye ukuta wenyewe. Shuka mpaka 1/60 hivi, pandisha taratibu, simama pale ukuta unapoanza kukatika, rudi nyuma hatua moja.

Taa za bluu na zambarau za jukwaa nazo zina hila yake. Histogramu ya kawaida (mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye picha) inaonyesha picha iko salama, huku rangi ya bluu peke yake imeshajaa pomoni, na uso wa mwimbaji unakuwa bapa la bluu bila pua wala shavu. Fungua histogramu ya rangi tatu tofauti. Bluu ikigonga ukuta wa kulia, punguza hatua nzima. Kuigeuza nyeusi na nyeupe baadaye kunaficha rangi, hakurudishi shavu. Na kabla ya ibada mwombe fundi wa taa awashe taa mbili za mbele zenye mwanga mweupe, hata kwa robo ya nguvu. Hilo ombi dogo linafanya kazi kuliko lenzi ya bei kubwa.

Kipaimara cha kwetu mchungaji anaweka mikono kichwani, kijana amepiga magoti na ameinama. Ukipiga ukiwa umesimama unapata visogo. Piga goti pembeni, kamera iwe usawa wa macho ya kijana, na usubiri anapoinuka.

Ubatizo wa kuzamisha: picha ni ile ya kuinuka, maji yakitiririka, siyo ya kuzama. 1/500 kwenda juu, mfululizo wa picha tano hadi nane, fokasi uifunge kwenye uso kabla hajazamishwa kwa sababu atarudi karibu palepale. Mwanamke akitoka majini nguo zimeshika mwili, kwa hiyo kata picha mabegani na usoni. Na awepo mtu na kanga au taulo kwenye ngazi. Picha ya pili nzuri ni hiyo, anafunikwa.

Kwenye tripodi nakubaliana na Chetezo, ila kijiti cha mguu mmoja kwenye lenzi ndefu hakimkwazi mtu kikikaa kwenye nguzo.

Mwanalenzi_K

Asanteni sana, wakuu. Nimeshaandika maswali ya paroko. Nimebaki na mawili. Kadi na betri nizipange vipi kwa kuwa tundu ni moja? Na wapo wanakwaya wenye simu ambao watapiga tu hata wakikatazwa, niwaambie nini ili angalau zitoke?

Chetezo

Anza na wa simu. Flashi izimwe, na ile hali ya usiku nayo izimwe kwa picha za watu, kwa sababu inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na mtu anayeimba anatoka na midomo miwili. Waguse uso kwenye skrini washikilie mpaka ijifunge, kisha wateremshe kile kijua kidogo kidogo mpaka mwale wa mshumaa uonekane na umbo. Wasivute kwa vidole, wasogee au waache. Mwangaza wa skrini uwe wa chini kabisa. Na picha zako wewe ukizituma WhatsApp, tuma kama hati, la sivyo zinabanwa na kila ulichokiokoa kwenye vivuli kinageuka madoa.

Betri ya 80D ukichungulia kwenye kidirisha inatoa karibu picha 960, na ukipigia kwenye skrini ni kama 300 tu. Chungulia kidirishani, uwe na ya pili iliyojaa mfukoni.

RAW ya kamera yako ni kama MB 29, hivyo kadi moja ya GB 64 inabeba takribani picha 2,000, na mkesha hautafika huko. Badili kadi hata hivyo. Fomati zote mbili ndani ya kamera siku hiyo, piga moto, maandamano na Mbiu ya Pasaka kwenye ya kwanza, kisha wakati wa somo la pili au la tatu, ukiwa umekaa, itoe na uweke ya pili. Kadi moja ikifa, hujapoteza mkesha mzima. Usifute picha yoyote kwenye kamera wakati wa ibada, gizani kidole kinakosea.

Na vaa kichujio cha bei nafuu mbele ya ile 50mm kwa usiku huo tu, maana utakuwa katikati ya mishumaa mia kadhaa. Tone la nta likiangukia hapo usilisugue likiwa la moto. Liache ligande, lichomoe kwa ukucha, futa kilichobaki kwa kitambaa cha lenzi. Taa zikiwaka kivue, kwa sababu kinaongeza taswira za taa zilizoakisiwa kwenye picha. Kadi ya kwanza iweke kwenye mfuko wa shati wenye kifungo, si kwenye begi unaloliacha sakristia.